Ndoo Mbili za Samadi

Jumanne, 1 Juni 1976
Ukungu. Nimekoroga shimo la gesi ya samadi tangu alfajiri, mikono inanuka mavi ya ng'ombe. Kina mama wameleta samadi zao. Mama Zaina wa mwisho, ndoo nusu kama kawaida yake.

Jumamosi, 5 Juni
Mkutano wa kijiji. Mwenyekiti kaniuliza kama gesi inatosha kuendesha jenereta la zahanati. Nikasema inatosha, nimekokotoa kitabuni. Kijiji jirani kikapewa pipa letu la mwisho la dizeli. Makofi. Nikavimba kichwa.

Jumatano, 16 Juni
Jenereta linakohoa. Mzigo wake ni jokofu la chanjo tu, na bado limezima mara tatu. Mwenyekiti anasema kuna wanaoficha samadi kwa ajili ya migomba yao. Mama Zaina kaja kwangu analia.
"Fundi, nusu napeleka mgombani. Nisamehe."
Nikamsamehe, nikajiona mkarimu.

Alhamisi, 17 Juni
Nimefungua kitabu tena. Kiasi cha joto nilichokokotolea ni cha gesi asilia, ile inayochimbwa ardhini. Ya samadi ina hewa nyingi isiyowaka. Joto lake halifiki hata theluthi mbili za lile. Na baridi hii inaipunguza zaidi. Hata ndoo zote zingejaa, isingetosha.
Dizeli tunaweza kuiomba irudi leo hii. Lakini lazima niseme kwa nini. Naona aibu. Nitasema kesho.

Ijumaa, 18 Juni
Sikusema.

Jumatatu, 21 Juni
Jokofu limepata joto. Muuguzi kamwaga chanjo zote za surua. Watoto waliopangwa kuchanjwa leo wamerudishwa nyumbani, Zaina mmojawapo, mgongoni kwa mama yake. Muuguzi hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 11 Julai
Tumemzika Zaina. Surua. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea.
Mama yake anarudia neno moja tu: "Ningeleta ndoo nzima, mwanangu angechanjwa."
Hakuna aliyembishia. Mimi nilikuwa nimesimama karibu yake kabisa. Mwoga mkubwa mimi.

Jumanne, 13 Julai
Ukungu tena. Nimekoroga shimo.
Mama Zaina kaja wa kwanza. Ndoo mbili, zimejaa hadi ukingoni. Migomba yake hataipa kitu tena, anasema.
"Shikamoo, fundi."
"Marahaba."
Nikazimwaga zote mbili shimoni, nikamrudishia ndoo zake.