Sifa za Mwombaji

Nyumba za Wafanyakazi Na. 6,
S.L.P. 412.
9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Bisibisi,

Hujambo huko uliko? Lile jino limeacha kukusumbua, au bado unatafuna upande mmoja? Sisi wazima. Mama kifua kimepungua, ila ulimi mzima kabisa, kila jioni anauliza utarudi lini. Wifi yako amenunua cherehani ya pili, sasa sebuleni tunapita kwa ubavu.

Nimechelewa kujibu. Uliniuliza kama huku kuna nafasi ya kufundisha, maana mkataba wako wa utafiti unaisha Juni. Majuma matatu barua yako imekaa kwenye mfuko wa koti, na kila nikiigusa nairudisha palepale.

Nafasi ipo, Bisibisi. Ni moja: mhadhiri wa pampu na mabomba, ajira ya kudumu, idarani kwetu. Ndiyo hiyo niliyoisubiri miaka saba nikiwa mwalimu wa muda, nafundisha darasa la watu tisini na hata droo ya meza sina.

Sasa sikia balaa. Mkuu wa idara aliniita akaniambia, "Bwana, andika tangazo wewe mwenyewe, unajua tunachotaka." Nikajua ananikonyeza. Nikaketi maabara, kati ya pampu mbili zilizofunguliwa, niandike sifa zangu. Mkono ukagoma. Niliwaza wale wanafunzi, nikawaza mtambo wa majaribio uliokufa tangu mwaka juzi ambao nimeshindwa kuufufua, nikaandika anayehitajika hasa: shahada ya uzamivu, utafiti wa uvujaji wa mabomba, mikono isiyoogopa grisi. Nilipousoma ukurasa, nilikuta nimekuandika wewe. Uzamivu ninao hata mimi, hayo mengine nasukumiza tu. Mkuu akalipitisha bila kulisoma, likabandikwa.

Tangu siku hiyo situlii. Naanza kusahihisha mitihani, naacha. Natoka kununua sukari, narudi na sabuni. Wifi yako aliponibana nikamweleza, akauliza tu, "Kwa hiyo umemficha mdogo wako?" Nikamkasirikia siku nzima, kisha nikajikasirikia mwenyewe. Naona aibu. Na naogopa, sikufichi: nina miaka arobaini na nne, nikikosa safari hii sijui nitaanzia wapi.

Nakala ya tangazo nimeiweka humu. Maombi yanafungwa tarehe 30 Aprili. Yangu nimeshapeleka na siyaondoi, usinibembeleze. Wakikuita kwenye usaili utafikia kwetu, asubuhi tutaondoka wote. Ila ukishaingia mle ndani, usije ukanionea huruma ukajifanya hujui.

Msalimie shemeji yangu, fundi umeme wetu. Watoto wanamsalimu shangazi yao, na Mama anasema uvae soksi. Mungu akufungulie njia, hata ikiwa ndiyo hii ninayoisubiri mimi.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye, roho juu,

Kaka Mkubwa