Vipandikizi Nilivyoving'oa

Chamge, yaani hujambo, mjukuu wangu Chebet,

Ni babu yako wa ukoo, ingawa tunakaribiana umri. Hapa Boito tu wazima. Ng'ombe wako amezaa.

Umeuliza kama damu ya kitovu cha mtoto mchanga uliyowekewa hospitalini, ambayo chembe zake zilikuzwa kwanza maabarani kwa kuwa zilikuwa chache, itashika mwilini kabla saratani haijarudi.

Nilipohitimu chuo, nilibishana na mama kuhusu vipandikizi vya chai: yeye alisema visiguswe, mimi nikataka kuona kama vimeota mizizi. Nilifunua nailoni iliyovifunika, nikaving'oa nivikague.

"Msomi, umeona mizizi?"

"Nimeiona, mama!"

"Itazame vizuri basi. Hutaiona tena."

Vyote vilikauka.

Leo nasubiri simu ya daktari wako. Nimepanda vipandikizi vingine. Mkono unaniwasha nivikague, lakini nailoni sijaifunua.

Babu yako,
Kiprono