Unga Juu ya Jiwe

Matogoro, Songea
14 Septemba 2025

Mdogo wangu Lidwina,

Pokea marahaba yangu, maana najua umeniamkia kabla hujafungua bahasha hii. Natumaini wewe, shemeji Leonce na wajukuu mko salama huko Madaba, na kwamba baridi ya mwaka huu haikuunguza viazi. Hapa hatujambo. Mama anakula vizuri, anasikia yale tu anayotaka kuyasikia, na goti lake la kushoto linaendelea kutabiri mvua.

Nimerudi kutoka India wiki mbili zilizopita. Binti yangu Dorine amehitimu masomo ya ufamasia, nami nilikuwepo kwenye mahafali, nimevaa suti ile unayoicheka. Baada ya sherehe, mwenzake aitwaye Pema alituomba twende kwao, milimani kabisa, karibu na Tibet. Tulisafiri kwa gari siku mbili, tukipita kando ya mabonde ambayo sikuthubutu kuyatazama. Watu wa huko hufuata dini ya Buddha, na wana maporomoko ya maji wanayoyaheshimu kama sisi tunavyoheshimu altare. Nilimwambia Dorine kwamba mtu aliyeongoza ibada kigangoni miaka thelathini hana shughuli mahali pale. Alinijibu kwamba kutazama si kubatizwa.

Nikatazama. Maji yanatoka ndani ya mwamba wenyewe, juu sana, kwa michirizi mingi, nayo ni baridi kiasi cha kuuma meno. Pembeni wamefunga kamba zenye vitambaa vya rangi vilivyoandikwa sala. Watu wanachota maji kwa chupa na kuwapelekea wagonjwa wao. Hakuna anayepaza sauti.

Tulikwenda na bibi yake Pema, mwanamke mfupi kama Mama, mwenye ulimi kama wa Mama. Njiani alikuwa amemwambia Pema aniulize kama kwetu walimu wote hupumua kwa kelele namna ile wakipanda mlima. Nilipofika juu, nilitafuta pa kukaa. Nikaona jiwe bapa, na juu yake kitu kama vumbi jeupe. Nikalipangusa kwa kofia, nikaketi. Dorine akashika mdomo. Vumbi lile lilikuwa fungu la unga wa shayiri ambao bibi yule alikuwa ametoka nao nyumbani, akatangulia kufika na kuuweka pale kwa kumwombea mjukuu wake mwingine aliye hospitalini.

Nilisimama kwa aibu, nikamwomba Pema aniombee radhi, na amuulize bibi kama unga ukianguka ni ishara kwamba sala imekataliwa. Bibi alicheka mpaka akashika kiuno. Alisema kwamba unga ukianguka, kwanza mtu huuliza ni nani aliyepita hapo. Kisha akatoa unga mwingine katika mfuko wake, akaniwekea kiganjani, akanielekeza niurudishe kwa mkono wangu mwenyewe. Niliurudisha.

Lidwina, sisi hatukuuliza ni nani aliyepita.

Unakumbuka mwaka 1984, ndugu yetu Aidan alipolala na homa. Mama alimpeleka hospitali, na pia akakuagiza usage unga wa ulezi, wewe ukiwa na miaka kumi na sita. Jioni aliuweka chini ya mti wa mababu, unga ukiwa umechongoka kama kilima, kwa desturi ya kwetu: ukiamka mzima, wamekubali, ukiamka umeporomoka, wamekataa. Asubuhi ulikuwa umeporomoka. Siku ya tatu Aidan alikufa. Mama akasema kwamba aliyesaga hakuwa na mikono safi. Tangu siku ile hajala ugali uliopikwa kwa mkono wako, hata siku ya arusi yako, nawe hujawahi kumwuliza kwa nini.

Ni mimi niliyeupiga teke ule unga. Nilipita alfajiri nikienda kanisani, kijana wa miaka ishirini na miwili mwenye cheti kipya cha ualimu, nikaona ushenzi mahali ambapo mama yangu alikuwa anamlilia mwanawe. Nilidhani nitakuja kueleza. Aidan alipokufa niliogopa, na baada ya hapo nikazoea. Miaka arobaini na mmoja nimewafundisha watoto wa watu kusema kweli, na wewe umebeba kosa langu.

Juzi nilimweleza Mama. Siku nzima alikataa chai yangu. Jana asubuhi aliniuliza kama ni kweli kwamba mwalimu mzima alihitaji kupanda ndege ili ajifunze kusema neno moja. Akaniagiza nikuandikie kwamba Jumapili ijayo uje, na uje na unga wa ulezi uliousaga mwenyewe, wa kutosha ugali wa watu watatu. Mimi amenikataza kuugusa. Kazi yangu, amesema, ni kuchota maji na kuchochea moto.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nitakusubiri stendi tangu saa nne, na lolote utakalonitamkia pale mbele za watu, nitalisikiliza nimesimama.

Msalimu shemeji, na wajukuu wote kwa majina yao. Mama anakuita.

Ni mimi kaka yako,
Kajetani