Hali Shwari, Afande

Kalerwe, Kampala
9 Machi 2025

Mpendwa dada Rosalba,

Pokea salamu zetu sote. Goti lako limepata nafuu? Mvua zimeanza huko Kisumu? Sisi huku tu wazima wa mwili, na Abalo wako anakula vizuri; usiwasikilize wanaosema amekonda.

Usingizi ndio sina, na nitakuambia kwa nini, maana binti yako yumo.

Unajua tangu nistaafu jeshini nasimamia walinzi kumi na wanne kwenye ghala la magodoro, lile lile ambamo Abalo anashona mifuko ya magodoro. Walinzi hawa ni watu wa miaka thelathini na kitu, wamesoma, na kila amri wanataka kujua sababu yake. Meneja alinishauri niwasikilize. Nikacheka. Sisi tuliokulia kambini, dada, nani alitusikiliza?

Mwezi uliopita, mmoja wao, Oyet, alinyoosha mkono katikati ya gwaride akasema ufunguo wa mlango wa nyuma unakwama. Tena mbele ya meneja. Naona aibu kuandika: nilimrusha kichurachura uwanja mzima, baba wa watoto wawili. Kisha nikawaambia wote kwamba kila asubuhi nataka kusikia jambo moja tu, hali shwari. Wakatii. Nikatembea kifua mbele, nikijua nimewanyoosha.

Jumanne niliujaribu mlango ule mwenyewe. Ufunguo ulikuwa umekatikia ndani ya kitasa, hata kutu imeanza. Wiki tatu, Rosalba. Magodoro yamepangwa hadi darini, wasichana ishirini wamo ndani, na moto ukizuka mlango wa kutokea ni mmoja. Na kila asubuhi naambiwa hali shwari.

Kitasa nimekibadilisha. Lakini kuna nini kingine nisichokijua? Hilo ndilo linalonitisha. Jana nilimwomba Oyet msamaha mbele ya wenzake, nikawasihi waniambie chochote walichokiona. Wakatazamana. Oyet akapiga saluti safi kabisa.

"Hali shwari, afande."

Nilipofika nyumbani nikamuuliza Abalo. Siku ile ya kichurachura alikuwa dirishani na wenzake, aliona yote. Aliinamia sahani yake.

"Hali shwari, mjomba."

Nakuomba umpigie simu wewe. Huenda mama yake akamwambia.

Nisalimie mzee Ogwal na watoto wa Otema. Mungu akutunze, na amtunze binti yetu pale nisipoona mimi.

Ndugu yako anayekupenda daima,
Okwera