Pilipili Iliyorudi na Bakuli Lake

Mtambile, Pemba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, miguu imepunguza kuuma, na kaka Salimu anayekusomea asome polepole. Mimi na mume wangu Hamadi hatujambo, ila akili yangu haijatulia, na wa kumweleza sina ila wewe.

Bi Raya ni yule jirani niliyekwambia alinipokea nilipoletwa huku bibi harusi. Kila nikitengeneza ile pilipili yako humpelekea bakuli, naye hulirudisha na muhogo au ndizi. Juzijuzi nikakaanga pilipili kavu na bizari nyembamba, nikatia na karafuu, maana huku zimeanikwa kila ua. Nikatwanga, nikachekecha, nikakoroga na ukwaju na kitunguu thomu, nikapeleka. Jioni nikalikuta bakuli mlangoni, limejaa vilevile. Aliyelileta hakupiga hata hodi.

Nikasema labda karafuu zimezidi. Nikatengeneza nyingine bila karafuu. Nayo ikarudi. Nikaonja mpaka ulimi ukafa ganzi, kosa silioni. Nikamwuliza Hamadi.

"Pilipili haina neno," akasema. "Bi Raya na wanawe wako chama kile, sisi tuko hiki."

"Sisi nani? Mimi hata kadi sina."

"Mimi ninayo. Basi na wewe umo."

Nilijua kuwa toka uchaguzi watu hawaendi tena duka la fulani, na hata mazikoni wanasusiana. Lakini nilidhani ni mambo ya wanaume huko barazani. Sikujua kuwa yameingia mpaka jikoni.

Ijumaa, wanaume walipokwenda msikitini, Bi Raya akaingia kwa mlango wa uani. Hakuvua buibui. Akachukua kipande cha muhogo, akachovya pilipili, akala huku machozi yanamtoka. Sikujua ni ukali au ni kitu kingine.

"Bi Raya, nimekukosea nini?"

"Hujankosea, mwanangu. Wanangu wameniapia. Nikila cha nyumba hino, siku nikifa hawaniziki."

"Na mbona umekula?"

"Nna hamu nayo," akasema, akaondoka.

Kesho yake kisimani nikamwamkia mbele za watu. Akanipita kama hakusikia. Nikarudi nyumbani sijachota maji. Mama, yupi ndiye Bi Raya, yule wa Ijumaa au huyu wa kisimani?

Ijumaa iliyofuata akaja tena, amefunga pilipili kavu kwenye pindo la kanga.

"Nifunze weye," akasema. "Nikitengeneza kwangu kwa mkono wangu, hapana wa kunihoji."

Tukatwanga kinu kimoja kwa michi miwili, yeye akishusha mimi nainua. Nikamwonyesha ukwaju unavyokamuliwa. Alipokwisha kuchota yake akanishika mkono, hakuuachia upesi. "Basi, mwanangu. Sasa sina haja ya kuja."

Sijui alikuwa akinishukuru au akiniaga. Toka siku hiyo hajaja. Hamadi ananiambia nimsahau, kisha yeye mwenyewe anauliza kama Bi Raya ni mzima.

Leo asubuhi nilikuwa nafagia uani. Nikasikia mchi kwake, mara bizari ikanifikia puani, nikapiga chafya, nikasema alhamdulillah. Mchi ukanyamaza. Kisha nyuma ya ua nikasikia sauti yake, chini kwa chini, ikiniombea rehema: "Yarhamukillah." Mchi ukaendelea.

Nilisimama na ufagio mkononi mpaka jua likanichoma. Nilitaka kumrudishia dua, nikaogopa wanawe wako ndani. Mama, niambie wewe uliyeishi na watu wengi: kimya changu atakielewa?

Nisalimie shangazi aliyenilea, wifi yangu na mtoto wake mchanga, na mjomba mwenye duka la kinyozi hapo sokoni. Kaka akimaliza kusoma mpe chai.

Nakubusu mikono,
mwanao wa Pemba,
Mwanaisha