Mume Wangu Anataka Niwafiche Kaka Zangu

Shangazi Opal mpenzi,

Naomba unisaidie, na ukiweza unisaidie kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi jioni kuna kocha wa chuo anakuja kula kwetu na mimi sijui nipike nini, nimwalike nani, wala kama naruhusiwa kusimama ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Nianze mwanzo. Mwanangu, tumwite Tavaris, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari hapa hapa Mississippi, na tangu ana miaka saba amekuwa mrushaji katika mpira wetu huu wa Kimarekani, yule anayepokea mpira kila mchezo unapoanzishwa na mji mzima unamtazama yeye atamrushia nani, na baba yake ndiye aliyemfundisha nyuma ya nyumba, akirusha mpira upite katikati ya tairi lililoning'inizwa, jua liwake mvua inyeshe, na mtoto hakuwahi kulalamika kwa sababu ni mtoto wa "ndiyo, baba" tangu alipojua kusema. Sasa Shangazi, huyu mtoto amekua mpaka tumeogopa, mabega yamepanuka, mashati ya Januari hayamwingii Aprili, na kocha wa chuo kimoja kikubwa alikuja kumtazama akirusha, akarudi tena, halafu majira ya baridi yaliyopita akaja mara ya tatu kumtazama akicheza mpira wa kikapu, ambao mtoto wala hauwezi vizuri, akakaa anaangalia miguu yake tu, na mchezo ulipoisha akatusimamisha mimi na mume wangu kwenye maegesho akasema, "Namtaka mwanenu na tutamsomesha bure mpaka amalize, lakini simtaki arushe. Namtaka mstari wa mbele, upande wa kushoto, amlinde anayerusha asivamiwe upande asioona. Mwili wake bado unakuja. Mlisheni tu."

Mume wangu alimshukuru kwa heshima zote, tukaingia kwenye gari tukarudi nyumbani, na kuanzia kesho yake mtoto akaanza kupunguziwa chakula.

Sisemi anashindishwa njaa, Shangazi, usije ukatuitia polisi. Sahani moja, basi. Mkate wa mahindi marufuku, kuongezewa marufuku, na kila Jumapili kabla ya kanisa anapandishwa kwenye mizani bafuni, kwa sababu mume wangu anaamini kwamba akibaki mwembamba hakuna kocha atakayethubutu kumpeleka kwenye kazi ya kusukumana. Na mimi nimekuwa mwizi jikoni kwangu. Namfungia mikate na nyama ya nguruwe kwenye karatasi, naficha chini ya mataulo ya mazoezi, anakula njiani, na Jumapili mizani ikipanda mume wangu anashika kiuno anasema, "Huyu mtoto ananenepa kwa hewa," nami naangalia dirishani.

Lakini usimhukumu upesi. Mume wangu naye alikuwa mrushaji, na alikuwa mzuri kweli, wazee wa hapa bado wanamsimulia, na alipofika chuoni, enzi zile ambapo kijana mweusi akija na sifa za kurusha walikuwa wanamwambia ana mbio nzuri mno kupoteza kwenye kazi ya kufikiri, walimpa jezi ya nafasi nyingine siku ya kwanza, kabla hajarusha mpira hata mmoja. Hakurusha tena maishani. Siku Tavaris alipozaliwa alimshika akasema, "Huyu hawatamhamisha." Nilikuwepo, nilikuwa bado nimelala kitandani, nilimsikia.

Sasa nikuambie lile linalonitia aibu. Kocha aliposema hamtaki arushe, mimi nilifurahi. Nilisikia mwili mzima unalegea kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Maana wewe hujui kukaa jukwaani ukiwa mama wa mrushaji, mpira ukidakwa na adui unasikia shemasi wa kanisa lako mwenyewe anamtukana mwanao nyuma ya kisogo chako, na Jumatatu dukani yule wa kwenye kaunta anakupimia nyama bila kukuangalia usoni. Mama wa kijana wa mstari wa mbele anakula karanga zake za kuchemsha kwa amani, hakuna anayejua hata jina la mtoto wake.

Na mtoto mwenyewe anataka. Juzi mazoezini kijana wa upande wa kushoto aliumwa, Tavaris akajitolea kusimama pale, akarudi nyumbani anaimba. Akaniambia jikoni, "Mama, pale ni mimi na mtu mmoja tu mbele yangu. Nimemlaza chini Dewayne mpaka akaniomba tupumzike. Na hakuna aliyenitazama." Nikamuuliza mbona humwambii baba, akasema, "Nitamwambiaje, mama? Lile tairi bado liko nyuma ya nyumba." Shangazi, mtoto huyu anatapika kila Ijumaa kabla ya mchezo. Tangu ana miaka kumi na nne. Mimi peke yangu ndiye ninayejua, na ameniapisha nisiseme.

Basi kocha amepiga simu, nafasi ya kushoto ni moja, kuna kijana Alabama anaisubiri, na anataka jibu mezani kwetu Alhamisi. Mume wangu amekubali aje kwa sababu anadhani atamgeuza mawazo. Na amenipa masharti. Nipike samaki wa kuoka na mboga za majani. Kaka zangu Hosea na Rufus wasikanyage, kwa sababu hao wanapita mlangoni kwa ubavu na kocha akiwaona wajomba atajua mpwa atakuwaje. Na mimi, niliye na futi sita na ushee, nisisimame kabisa. "Wewe kaa tu, mpenzi," ameniambia, "mimi nitahudumia." Mwanamume asiyejua vijiko vinakaa wapi.

Nimtii mume wangu, au niwaite kaka zangu? Na ile siri ya mtoto niifanyeje?

Mimi Mama Niliyeambiwa Nisisimame

---

Mama Uliyeambiwa Usisimame,

Barua yako ilinifikia Jumatatu na gazeti hili hutoka Jumamosi. Mimi sina desturi ya kuwapigia watu simu, wenye shida wangenimaliza, lakini wewe nilikupigia, na kwa ruhusa yako nayaandika hapa niliyokuambia. Wilaya hii ina mizani nyingi bafuni.

Kwanza nilikuuliza swali. Kocha alipozungumza nanyi kwenye maegesho, wewe ulikuwa umepiga magoti? Ulikuwa umesimama mbele yake na futi zako zote sita na ushee, dada yangu. Kocha wa aina hiyo akiingia mahali humtazama mama kabla ya mtoto. Aliangalia mabega yako, akaangalia viatu vyako, akarudi hotelini akalala akiwa ameridhika. Sasa mnamficha nini? Na kuwaficha kaka zako wawili katika mji wenye taa moja ya barabarani ni sawa na kuficha kanisa.

Pili, wewe. Ulitaka nikuonee huruma, na ninakuonea, lakini utasikia na haya. Baba anapambana na mwili wa mtoto kwa mizani, mama anapambana kwa mikate iliyofichwa kwenye taulo, na mwenye mwili anakula garini kama mwizi. Ulidhani unamwokoa. Ulikuwa unamfundisha kwamba anachokitaka ni cha kufichwa. Kijana ana nguvu za kumlaza mwenzake chini na hana nguvu za kusema sentensi moja nyumbani kwao, na hilo mmelijenga wawili, si mume wako peke yake.

Kuhusu furaha yako, usione aibu hata kidogo. Mwanangu mimi alikuwa mpiga teke wa timu, yule anayetafuta pointi kwa mguu. Alikosa teke moja tu, na kuna watu hapa mpaka leo wakiniona wanavuka barabara. Nayajua majukwaa hayo.

Sasa mume wako. Yule hana wazimu, ana jeraha, na jeraha ni la kweli, walimtendea hivyo na hawakumwomba radhi. Lakini nilikuambia umpeleke pembeni kabla ya Alhamisi, wewe na yeye tu, umuulize mambo mawili. Wale waliomhamisha, walimtazama akirusha? Hawakumtazama. Walimuuliza anataka nini? Hawakumuuliza. Huyu kocha amekuja kumtazama mtoto mara tatu. Kwa hiyo kuuliza ndiko kulikobaki, na hajauliza kocha wala hajauliza baba. Nilikuambia uungame mikate yako hapo hapo, kwa sababu huwezi kumwambia mtu afungue mkono wakati wako umefumbata kitu. Ile siri ya kutapika nilikukataza kuitoa. Uliapa. Mwenyewe ataitoa akipata nafasi, na kazi yako ni kumpa nafasi. Mwisho nikakuambia uwaite Hosea na Rufus, upike kama mtu aliyezaliwa Mississippi, na usimame.

Jana umenipigia, na habari nimezisikia kwenye sauti yako kabla hujazitaja. Niwasimulie wasomaji, kwa kifupi.

Jumatano uliungama. Mume wako hakufoka. Alisema tu, "Kumbe sio hewa," akatoka akaenda kukaa kwenye gari lake mpaka chakula kikapoa. Alhamisi wajomba waliingia, kwa ubavu, Hosea akamwambia kocha, "Ukimkosa mpwa wangu, mimi nina goti moja bado zima," na kocha akacheka mpaka akavua miwani. Ulikaanga kambare, ulitoa mkate wa mahindi. Mume wako aliacha watu wale kwanza. Halafu akamuuliza kocha bila kuzunguka, "Mwanangu ulimtazama akirusha kweli, au ulikuja na jibu lako mfukoni?"

Kocha akaweka uma chini. "Nilimtazama mara mbili, bwana. Mkono wake ni mzuri, na mikono mizuri ninayo minne kule. Miguu myepesi namna ile chini ya mwili namna ile sina hata mmoja."

Mume wako akamgeukia mtoto. "Na wewe unataka nini?"

Mtoto akasema, "Kushoto, baba." Kisha akasema, "Huwa natapika, baba. Kila Ijumaa. Sikutaka ujue."

Hapo hakuna aliyekula. Rufus, unaniambia, alikuwa anafuta macho kwa kitambaa chako cha meza na kusingizia pilipili. Mume wako alimtazama mtoto, akamtazama kocha, akauliza jina la kijana atakayekuwa anarusha huko chuoni. Akatajiwa. Akasema, "Mwambie alale usingizi. Hakuna atakayemgusa."

Nimefurahi, dada. Nimefurahi mpaka nimechemsha chai ya pili. Lakini usidhani nimekuachia uende.

Mizani itoke bafuni leo, iende kwa jirani au jalalani. Tairi lisishushwe na wewe wala mtoto, mwenye tairi atalishusha siku yake, na akilia siku hiyo mwache alie, usimpelekee keki. Mtoto akila, ale mezani, sahani ikiwa wazi.

Na lipo moja kubwa kuliko hayo. Msimu haujaisha. Mpaka mwisho wake Tavaris bado ndiye mrushaji wa mji huu, na saini ya chuo haitibu tumbo. Ijumaa ijayo akiingia chooni kabla ya mchezo, wewe baki jukwaani na karanga zako. Aende baba. Asimpe maelekezo, asimkumbushe mpango wa mchezo, asiseme lolote. Alowanishe taulo, amshikie kichwa, na akae naye humo mpaka wawe tayari kutoka.

Shangazi Opal