Dada Hauawi na Zimwi, Anauawa na Vitufe

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako kabla sijatamka neno la kuvunja udugu wetu.

Mimi ni mchoraji wa mabango, na kwa miaka miwili mimi na mdogo wangu wa kiume, ambaye nyumbani tunamwita Injinia kwa kuwa anafundisha kompyuta, tumekuwa tukitengeneza gemu ya kutisha, mimi nachora yeye anaunda, na hadithi tuliipata kwa dada yetu mkubwa, aliyefua mashuka ya hospitali miaka ishirini na sita mpaka kiharusi kikamlegeza mkono wa kushoto, maana ndiye aliyetusimulia inavyokuwa ukiwa peke yako katikati ya mashuka mabichi yaliyoanikwa, ukasikia mtu anapita upande wa pili, ukiinama kutazama huoni miguu.

Gemu ilipoiva tukamketisha dada sebuleni mchana kweupe, tukampa pedi ya kuchezea, naye akachangamka kama msichana, lakini lo, Injinia alikuwa ameifunga gemu ile kama mzigo wa kuni: ukitaka kutembea ushikilie kitufe usikiachie, ukitaka kugeuka kwanza usimame, ukitaka kutazama nyuma ubonyeze vitufe vitatu kwa mpigo, viwili vya kushoto, na mara nyingine hata ukibonyeza vyote mhusika anakuzubalia tu, eti kapigwa butwaa. Dada alikufa mara tisa kwenye mlango uleule. Mara ya kumi akaweka pedi mapajani, akasema, "Wadogo zangu, mimi siuawi na hilo zimwi. Nauawa na mkono wangu."

Unajua Injinia alijibu nini? "Dada, hiyo ndiyo hofu yenyewe! Ukiwa huru utaogopa nini?"

Nikamuuliza tangu lini kiatu kinachobana kikaitwa safari, akaniambia nichore mashuka yangu, ufundi nimwachie mwenyewe. Mbele ya dada! Mwanamke ambaye tumechuma maisha yake tukayafanya mchezo!

Sasa niungame. Injinia alipokwenda kufundisha nilikaa kwenye kompyuta yake, nikafungua mipangilio aliyowahi kunionyesha, nikabadilisha kila kitu, mhusika akawa anakimbia atakavyo, anageuka atakavyo, kwa mkono mmoja, nikawatumia wale watu watano wanaotujaribia gemu, kwa jina lake. Majibu yakaja. Mmoja alisema alilizungusha zimwi mpaka akalionea huruma. Dada mwenyewe aliimaliza gemu nzima, chai yake ikiwa bado ya moto, akaguna, "Mmh. Mbona haitishi?"

Injinia alipojua akaniita mwizi mezani mbele ya mama, akahamishia kompyuta kazini kwake, na huu mwezi wa pili hatusemezani. Nimekosa, sikatai, lakini yeye je? Niondoe michoro yangu yote, tuone atatisha watu na nini?

Wako, Mchoraji Mwenye Hasira.

MSHAURI ANAJIBU

Mchoraji, hasira yako naielewa, na hata mimi nimekasirika. Mtu mwenye mikono miwili mizima anamfundisha mgonjwa wa kiharusi maana ya kushindwa kugeuka! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mdogo wako amechanganya hofu na kero.

Lakini na wewe umenichefua. Kuingia kwenye kazi ya mwenzio kisiri, kisha kutumia jina lake? Na kwa ufundi gani? Uliona chumvi imezidi ukamwaga mchuzi wote. Dada yako hakuomba kukimbia kama swala. Alisema mkono wake unamuua.

Nisikilize. Mhusika na awe mzito. Asikimbie, asipigane, asimame kila anapotaka kutazama nyuma. Hapo Injinia hakukosea, ndipo moyo unapodunda. Ila kidole kikiagiza, kitiiwe, na kitiiwe vilevile kila mara. Hayo mambo ya kuzubaa kwa makusudi yafutwe. Na kila mchezaji ajichagulie kitufe gani kifanye nini, hata kwa mkono mmoja. Zimwi halitapungua meno kwa hilo.

Leo hii waandikie wale watano kwa jina lako mwenyewe, useme ulichofanya. Kesho nenda kazini kwa Injinia ukamwombe radhi, bila "lakini". Akishapoa, mwambie airudishe gemu yake ilivyokuwa, isipokuwa vitufe. Kisha mketisheni dada tena, nyinyi wawili msimame nyuma yake, midomo mmeifunga. Akifa, mumuulize swali moja: "Umeogopa nini?" Akisema "lile nyuma ya shuka," acheni palivyo. Akisema "kitufe," Injinia atengeneze hapohapo, bila kuhutubia mtu.

Injinia akikataa hata hapo, chukua michoro yako uondoke kwa heshima, nami nitasimama upande wako.

Jambo la mwisho. Umeniandikia barua ndefu kuhusu kazi yako na kazi ya Injinia, wala sikuona popote kama jina la dada yenu limo kwenye gemu hiyo. Hadithi ni yake. Liwekeni la kwanza.